Safari ya Baiskeli ya Siku Kadhaa, Pwani na Milimani: Panga kwa Saa, Usipange kwa Kilomita

Mipango mingi ya safari ndefu ya baiskeli huharibikia mezani, kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Mtu hufungua ramani, hupima kilomita 480, hugawa kwa siku sita, hupata 80 kwa siku, halafu huanza kutafuta pa kulala. Kwenye barabara tambarare yenye miji, hesabu hiyo inaweza kusimama. Kwenye pwani ya majabali na kwenye milima haisimami, kwa sababu huko kilomita moja inaweza kula dakika tatu au dakika ishirini. Cha kugawanya ni saa za kuendesha, na saa hizo huamuliwa na mwinuko, upepo, hali ya barabara na uzito uliobeba.

Hesabu ya siku moja

Anza na uzito wote. Mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 14 na mzigo wa kilo 16 ni kilo 100. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kusukuma pedeli kwa nguvu ya wati 120 hivi kwa saa nyingi bila kujimaliza. Sehemu ndogo huliwa na tairi na cheni. Inayobaki hupandisha kilo hizo 100 kiasi cha mita 400 kwenda juu kwa kila saa. Kwa hiyo kupanda mita 1,000 ni kazi ya saa mbili na nusu, iwe barabara imeupanda mlima kwa kilomita 12 au kwa 20.

Sasa fanya hivi kwa kila siku ya safari. Chukua jumla ya mita za kupanda, gawa kwa 400. Chukua kilomita zisizo za kupanda: za lami gawa kwa 16, za changarawe gawa kwa 10. Jumlisha, kisha ongeza robo kwa ajili ya kula, kuteka maji, kuziba pancha na kusoma njia.

Mfano: siku ya kilomita 65 yenye kupanda mita 1,400. Kilomita 20 ni za kupanda, 30 ni lami ya tambarare na mteremko, 15 ni changarawe. Kupanda kunachukua saa 3.5, lami saa 1.9, changarawe saa 1.5. Jumla ni 6.9, na ukiongeza robo unapata saa 8.6. Ukiondoka saa 12 asubuhi, utafika baada ya saa 8 na nusu mchana. Hiyo ni siku iliyojaa, ingawa kwenye ramani ilionekana fupi. Siku ikizidi saa 9, ikate. Siku mbili za kwanza zisizidi saa 6, maana magoti, makalio na viganja huzoea polepole kuliko mapafu, na maumivu ya siku ya pili hukufuata mpaka mwisho.

Pwani hudanganya kuliko mlima. Mlima unaonekana wazi: unapanda, unafika, unashuka. Barabara ya pwani yenye rasi na ghuba hushuka kwenye kila mlango wa mto na kupanda tena upande wa pili. Rasi kumi na mbili za mita 90 kila moja ni mita 1,080, na hujawahi kufika juu ya mita 90 kutoka usawa wa bahari. Tena vilima hivyo vifupi huwa vikali, asilimia 12 hadi 15, na kwenye changarawe utasukuma baiskeli kwa miguu.

Usiziamini takwimu za mwinuko bila kuzikagua. Programu nyingi za ramani zimejengwa juu ya vipimo vya mradi wa SRTM, vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000, kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Hata vile vya kina zaidi vina pointi zilizoachana takriban mita 30. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa jabali ina upana wa mita sita, kwa hiyo pointi moja huangukia kilele na inayofuata huangukia maji. Mchoro unatoka na meno ya msumeno ambayo barabarani hayapo. Daraja juu ya korongo nalo huchorwa kama mteremko hadi chini na kupanda tena, na handaki huchorwa kama mlima mzima. Pitia mchoro kipande kwa kipande: mwinuko wa zaidi ya asilimia 20 kwa chini ya mita 100 kando ya jabali karibu kila mara ni kosa. Pima njia hiyohiyo kwa programu mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya robo, tafuta sababu kabla ya kupanga kulala.

Hali ya barabara pia inahitaji macho yako mwenyewe. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, fungua maelezo ya kila kipande usome aina ya njia na uso wake, kisha kitazame kwenye picha za setilaiti. Alama mbili sambamba za magurudumu maana yake gari linapita. Mstari mmoja mwembamba ni njia ya miguu, nayo inaweza kukugeuza mbeba baiskeli. Kila panapokatiza mto, tafuta daraja kwa macho.

Upande wa kuanzia

Wengi huchagua mwanzo wa safari kwa kufuata urahisi wa usafiri. Chagua kwa upepo kwanza. Ukienda kilomita 18 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 18 kwa saa, hewa inakusukuma kwa nguvu mara nne ya ile ya siku tulivu, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Mifuko ya pembeni huongeza eneo la kukamatwa na upepo. Tazama kumbukumbu za upepo za mwezi utakaosafiri. Wastani wa mwaka hauna maana mahali ambapo upepo hugeuka kwa misimu.

Baada ya upepo, angalia miteremko: panda upande mrefu wa pole, shuka upande mkali. Baada ya hapo, angalia upande wa bahari. Panapoendeshwa kushoto, ukienda na bahari kushoto kwako unaona maji bila kuvuka barabara na unasimama kando kwa usalama. Panapoendeshwa kulia ni kinyume chake. Mambo haya yakipingana, pwani sikiliza upepo, milimani sikiliza mteremko.

Ndani ya siku, upepo una ratiba yake. Jua likipasha nchi kavu, hewa hupanda na ya bahari huingia kujaza nafasi. Upepo huo huanza kusikika karibu saa 4 au 5 asubuhi na hukaza alasiri. Kwenye mabonde ya milima, mchana upepo hupanda na bonde, usiku hushuka. Ukiondoka alfajiri unapata saa nne tulivu, na saa nne hizo zina thamani kuliko saa sita za mchana.

Njia ikipita ufukweni au kwenye mlango wa mto usio na daraja, jedwali la maji kujaa na kupwa ni sehemu ya ratiba. Maji hupwa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ukichelewa siku mbili mpango wa ufukweni umehama kwa karibu saa mbili. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hupwa mbali na kuacha mchanga mgumu mpana, lakini hurudi juu na kwa kasi zaidi. Ingia ufukweni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Ukikwama kwa pancha, bado una muda maji yakiwa yanaondoka. Anayeingia wakati yanarudi hana akiba. Mto unaofika magotini na unakwenda kwa nguvu usiuvuke na baiskeli yenye mzigo, kwani maji hukamata mifuko na kukuangusha. Subiri, au zunguka.

Kivuko cha boti au pantoni kisiwekwe siku ya mwisho kabla ya ndege au basi la kurudi. Upepo mkali husimamisha vivuko bila kumtazama mtu.

Juu milimani

Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Ukiondoka pwani kwenye nyuzi 30, kwenye kilele cha mita 2,500 utakuta 14 hivi, na ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa na fulana iliyolowa jasho, mwili utaisikia baridi kali zaidi ya hiyo. Kosa la kawaida ni kufika kileleni ukiwa na joto, ukakaa kutazama, kisha ukaanza kushuka. Badilisha fulana mara tu unaposimama, vaa koti la kuzuia upepo na glavu za vidole vyote, ndipo utazame. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki.

Mvua za radi milimani huja zaidi baada ya mchana. Panga uwe umevuka sehemu ya juu kabla ya saa 7 mchana. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, ondoka kwenye mgongo wa mlima, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Juu ya mita 2,500, ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata yeyote, hata mwenye mazoezi makali. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na baada ya kila siku tatu au nne lala palepale usiku mmoja wa ziada. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukianza kuyumba unapotembea au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku.

Gia kwanza, mengine baadaye

Ukiwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha gia ya chini kabisa. Chukua mfano wa gia ya mbele ya meno 34 na ya nyuma ya meno 34. Kwa mzingo wa tairi wa mita 2.1 na mizunguko 60 ya pedeli kwa dakika, unakwenda kilomita 7.6 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8 ukiwa na kilo 100, kasi hiyo inadai wati 180. Huna. Kwa hiyo utazungusha polepole kwa nguvu, na magoti ndiyo yatakayolipa. Ukiweka meno 26 mbele na 40 nyuma, mizunguko ileile inakupeleka kilomita 4.9 kwa saa kwa wati 118, nguvu unayoweza kuitoa kutwa nzima. Kabla ya kununua, hakikisha mkono wa gia ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni, unakubali meno 40. Kila mkono una kikomo chake.

Tairi ziwe za upana wa milimita 42 hadi 50. Kwa uzito huo, upepo wa psi 35 mbele na 40 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia kwenye changarawe. Kwenye lami ongeza 5. Upepo ukiwa mdogo mno, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kupata matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiyaona hayo, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Breki zinahitaji kuangaliwa kuliko kitu chochote. Zikiwa na raba au padi chini ya milimita moja, badilisha kabla ya kuondoka, na beba jozi mbili za akiba. Mvua ikichanganyika na mchanga kwenye mteremko mrefu, jozi nzima inaweza kuisha kwa siku moja. Ukishuka, usizikandamize kidogokidogo njia nzima: joto hujikusanya, breki za diski hupoteza nguvu, na kwa breki za rimu tyubu inaweza kupasuka. Acha baiskeli ikimbie kidogo, shika breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia. Mikono ikichoka, simama.

Vipuri, na sababu ya kila kimoja

Tyubu mbili, viraka kumi na solusheni mpya. Iliyofunguliwa mwaka jana huwa imekauka. Kiraka kikibanduka, mara nyingi ni kwa sababu kilibandikwa solusheni ikiwa mbichi: sugua tyubu kwa msasa, paka, subiri dakika tano, ndipo ubandike. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi mpaka uupate mwiba. Beba pia kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5 cha kuwekwa ndani pale tairi inapopasuka ubavuni.

Spoki tatu za kila urefu unaotumika, zimefungwa kwenye fremu kwa utepe. Zinazokatika zaidi ni za gurudumu la nyuma upande wa gia, kwa sababu ndizo zilizokazwa zaidi, na kuzibadilisha kunataka kufungua friwili. Kwa hiyo beba kifunguo chake kidogo. Ukikosa nafasi ya kubadilisha hapo hapo, legeza spoki mbili jirani za upande wa pili kwa nusu mzunguko ili rimu irudi katikati, ufike kambini.

Kishikio cha gia ya nyuma, kile kipande cha aluminiamu kinachounganisha mkono wa gia na fremu, kimefanywa laini makusudi ili kipinde chenyewe badala ya fremu. Kina maumbo mengi sana na hutakipata njiani. Nunua cha fremu yako kabisa.

Viungo viwili vya haraka vya cheni na kifaa cha kukatia cheni. Kebo moja ya gia na moja ya breki. Boliti nne za M5 (kipenyo cha milimita 5) za keria, maana mtikisiko wa changarawe huzilegeza na boliti moja ikianguka ile iliyobaki hukatika. Zipake gundi ya nati kabla ya safari, zikague kila jioni kwa mkono. Vifungo vya plastiki kumi, na mita mbili za utepe mzito.

Cheni, ipime kabla ya kuondoka: umbali wa viungo 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8 kwenye cheni mpya. Ikifika 306.3, weka mpya. Pwani chumvi huianzishia kutu kwa usiku mmoja. Kila jioni imwagie maji kidogo yasiyo na chumvi, ipanguse mpaka ikauke, tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha pangusa nje tena. Mafuta yaliyobaki nje hushika mchanga na kugeuka msasa.

Mzigo, maji, chakula na umeme

Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati. Kwa mifuko minne, weka takriban asilimia 60 ya uzito nyuma na 40 mbele. Mzigo wote ukiwa nyuma, usukani hutetemeka kwenye mteremko na spoki za nyuma huanza kukatika.

Maji hesabu kwa saa pia. Nusu lita hadi lita moja kwa saa, kutegemea joto. Kati ya chanzo kimoja na kingine kukiwa na saa sita, kwa kiwango cha robo tatu lita unahitaji lita 4.5, na ukilala kabla ya chanzo kinachofuata ongeza mbili za kupikia na moja ya akiba. Hizo ni kilo 7.5, kwa hiyo yajaze kwenye chanzo cha mwisho, usiyabebe kutoka asubuhi. Pwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na wala kichujio, wala vidonge vya klorini, wala kuchemsha havitoi chumvi. Kwa vijidudu, chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota yakiwa na joto dogo zaidi. Kichujio cha nyuzi kikigandishwa na baridi hupasuka ndani bila kuonyesha dalili. Milimani lala nacho.

Kula kuanzia saa ya kwanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya kuendesha. Anayesubiri njaa amechelewa. Beba chakula cha siku moja zaidi ya mpango.

Dainamo ya gurudumu hutoa wati 3 kwa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Ukipanda kwa kilomita 5 kwa saa haitoi kitu cha maana. Kwa hiyo siku za milima tegemea betri ya akiba. Ya mAh 10,000 ina nishati ya saa-wati 37 hivi, na huchaji simu ya kawaida karibu mara mbili. Pakua ramani zote, zima mtandao, na beba ramani ya karatasi.

Milango ya kutokea

Kwa kila siku andika mambo matatu: mahali pa mwisho ambapo kurudi ni karibu kuliko kusonga mbele, barabara ya karibu yenye magari, na mahali pa kujikinga na mvua. Ukiona kipande cha saa tano bila lolote kati ya hayo, kigawe au kiache. Weka siku moja ya akiba kwa kila siku nne za kuendesha, na uiache wazi. Mwachie mtu ratiba pamoja na maagizo: nisipotuma ujumbe kufikia saa fulani ya usiku fanya hivi, na kufikia asubuhi piga simu hii. Pasipo mtandao wa simu, kifaa cha ujumbe wa setilaiti kina thamani kuliko hema zuri.

Jaribio

Wiki tatu kabla ya safari, funga mzigo wote kamili, na maji, uende siku mbili mfululizo na kulala nje, kwenye njia yenye kupanda angalau mita 1,000 kwa siku. Ukirudi, kaza kila boliti ukiandika zipi zililegea, toa kwenye mifuko kila ambacho hukukigusa isipokuwa vipuri, dawa na nguo za baridi, na angalia ganzi ya vidole vidogo vya mikono: ikiwapo, inua usukani sentimita moja au mbili. Kisha chukua mita ulizopanda siku ya pili, gawa kwa saa ulizotumia kupanda. Ukipata 320, futa 400 yetu, weka 320 yako, na uhesabu upya siku zote za safari kuanzia ya kwanza.